Nyonga, Kiuno au Fupanyonga? Uhakiki wa Istilahi za Kuunga Mifupa kwa Mwongozo wa Eksirei

UTANGULIZI

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu orodha za istilahi zilizokwisha kusanifiwa. Ni mara chache ambapo huulizwa neno lilifanya kazi gani baada ya kutoka katika orodha na kwenda kwa watu. Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo kuhusu kundi dogo la istilahi za tiba, yaani zile zinazotumika kueleza mivunjiko ya mifupa ya nyonga na namna mpya ya kuitengeneza, ambapo daktari hupitisha skrubu katika matundu madogo ya ngozi huku akitazama picha za eksirei.

Maandishi tunayoyahakiki ni mawili. La kwanza ni karatasi ya huduma ya kwanza, yenye kurasa mbili, iliyotungwa kwa ajili ya kuwafundisha madereva wa bodaboda na wanakijiji. La pili ni maelezo yanayoambatana na fomu ya ridhaa ya upasuaji. Hatutaji asili ya maandishi hayo kwa kuwa kusudi letu si kumwaibisha mtu. Hata hivyo, haki inatudai tuseme jambo moja: mfasiri wa karatasi ya kwanza ni mwandishi wa makala haya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama zitakazofuata inamrudia yeye mwenyewe.

TUKIO LA KANSAY

Kata ya Kansay imo katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Nyumbani huzungumza Kiiraqw, lugha ya Kikushi, na hutumia Kiswahili shuleni, sokoni na zahanati. Usafiri wa barabara za vumbi ni wa pikipiki kwa sehemu kubwa, na anayeanguka hulazwa kwanza kando ya njia na watu wasio na taaluma yoyote ya tiba. Hao ndio wasomaji wa kwanza wa karatasi tuliyoitafsiri.

Nilihudhuria mafunzo hayo kama msikilizaji, nikiwa na daftari langu. Vijana wapatao kumi na wawili walipewa karatasi na khanga moja. Karatasi iliagiza hivi: mtu akianguka na ikadhaniwa kwamba mifupa yake ya kiuno imevunjika, afungwe khanga kwa nguvu kuzunguka kiuno. Kijana mmoja alilala chini, wenziwe wawili wakaisoma karatasi kwa sauti, kisha wakamfunga khanga pale hasa ambapo neno lilisema: kiunoni, mahali pa mkanda wa suruali. Walifanya kazi nzuri. Fundo lilikaza, khanga haikuteleza.

Muuguzi aliyekuwa akifundisha alipiga magoti, akalifungua fundo, akaishusha khanga karibu shibiri moja, akafunga upya.

“Hapa, wanangu,” alisema. “Mkifunga pale juu mmefunga tumbo.”

“Lakini sista, karatasi imeandika kiuno,” alijibu mmoja wao, akaonyesha mstari kwa kidole.

Mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi akauliza kwa upole, “Na hapo ulipofunga, mama, panaitwaje kwa Kiswahili?”

Muuguzi alinitazama. Vijana wakajadiliana kwa Kiiraqw, wakacheka kidogo kwa haya, kisha wakanyamaza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutafuta majina ya vitu, sikuwa na jina la kumpa mzee.

Shibiri ile moja ndiyo chanzo cha makala haya. Mara nyingi kosa la istilahi huishia katika ubishi wa wataalamu. Hili lilikuwa kosa ambalo lingeweza kumwacha mtu avuje damu hali amefungwa khanga.

JAMBO LENYEWE LILIVYO

Kabla ya kulipima neno, hapana budi kukipima kitu. Sehemu tunayoizungumzia ina mifupa mikubwa miwili, wa kulia na wa kushoto, inayokutana mbele penye kinena. Kwa nyuma mifupa hiyo inaungana na sakramu, yaani mfupa wa pembetatu ulio chini ya uti wa mgongo. Yote pamoja ni pete. Ndani yake mna kibofu cha mkojo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, na kwa wanawake mfuko wa uzazi. Pete hiyo hushikwa na kano, na zile za nyuma ndizo zenye nguvu zaidi.

Pete ngumu ni nadra kuvunjika mahali pamoja tu. Mwenye kushuku na achukue bangili ya kauri ajaribu. Ndiyo maana daktari akiona pete hii imevunjika mbele huwa haridhiki mpaka aitazame nyuma. Ikiwa kano za nyuma nazo zimekatika, nusu ya pete inaweza kufunguka kama kitabu, au kupanda juu pamoja na mguu. Damu humwagika ndani, lita kadhaa, bila tone moja kuonekana nje. Kumbana mtu kwa khanga huirudisha pete karibu na umbo lake, huipunguzia damu nafasi ya kumwagikia, na huwezesha donge la damu kushika.

Lakini mbano huo hufaa ukipita juu ya zile nundu mbili za mfupa wa paja ambazo kila mtu anaweza kuzigusa ubavuni akitia mikono mfukoni. Nguvu ikisukuma pale, hupita katika vichwa vya mifupa ya paja na kuifunga pete. Ikisukuma juu zaidi, penye kiuno, pete haifungiki ipasavyo. Majeruhi pia hafai kutikiswa nyonga ili kujaribu kama zimevunjika, wala kugeuzwageuzwa. Mambo hayo mawili karatasi iliyasema vizuri. Mahali pa kufunga ndipo ilipokosea, na ilikosea kwa sababu ya jina.

NYONGA, KIUNO, HODHI

Majina yanayogombea mahali hapo ni manne.

Kiuno ni sehemu nyembamba ya mwili iliyo kati ya mbavu na nyonga: mahali pa mkanda, pa shanga, pa mchezaji ngoma. Katika mazungumzo ya kawaida mtu husema “kiuno kinaniuma” akiwa na maana ya mgongo wa chini. Neno ni zuri na limekaa mahali pake. Tatizo ni kulihamisha. Nilipotafsiri nililichagua kwa kuwa lilikuwa la heshima na kwa kuwa kila mtu alilijua. Sikujiuliza kila mtu alilijua kuwa ni nini.

Nyonga ni kiungio cha paja na kiwiliwili pamoja na eneo linalokizunguka. Mwandishi wa fomu ya ridhaa amelitumia kwa pete nzima, na katika aya inayofuata akalitumia kwa shingo ya mfupa wa paja. Kwa hiyo “mvunjiko wa nyonga” ni jina moja la ajali mbili zisizofanana. Ya kwanza humpata kijana aliyegongwa na gari, na inaweza kumwua katika saa chache kwa kuvuja damu. Ya pili kwa kawaida humpata mzee aliyeteleza uani, na matengenezo yake ni mengine kabisa. Jamaa wa mgonjwa akiambiwa “nyonga imevunjika” hukumbuka bibi yake aliyepona akitembea kwa mkongojo, akaona hakuna haja ya haraka. Ukoo wa maneno haya mawili usitudanganye: kiungio ni kitu kimoja, pete iliyokibeba ni kitu kingine.

Hodhi ni pendekezo nililolisikia kwa msomi mmoja, nalo linastahili heshima ya kujadiliwa. Neno la Kilatini pelvis maana yake ni beseni. Wajerumani nao huita sehemu hiyo Becken, yaani beseni lile lile. Na Waarabu husema hawdh, neno ambalo sisi tunalo tayari katika umbo la hodhi, mahali pa kuhifadhia maji. Basi jina lingekuwa na nasaba ya kutosha. Udhaifu wake ni kwamba msikilizaji wa Kansay, na hata wa Tanga, husikia tangi la maji, na hana njia ya kutoka tangi kwenda kwenye mfupa. Tunapendekeza lisitupwe bali lipewe kazi ndogo zaidi: hodhi la fupanyonga liwe jina la uwazi uliomo ndani ya pete, ule ambao damu hujaa. Hapo sitiari inafanya kazi yake, kwa maana ni chombo cha kujaa kitu.

Fupanyonga limetumika katika baadhi ya maandishi ya biolojia. Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa fupaja. Lina sifa tatu: linaonyesha kuwa ni mfupa na si kiungio, kiambishi cha ukubwa kilichomo kinamwambia msikilizaji kwamba ni pande kubwa, na linatamkika mbele ya wakwe bila mtu kuinamisha kichwa. Sifa ya tatu si ndogo. Katika mafunzo yale vijana walicheka kwa sababu majina mengine waliyoyajua ya sehemu hiyo ni yale yasiyosemwa mbele ya wazee. Istilahi isiyosemeka mbele ya mkwe haitasemwa ajalini, kwa kuwa mara nyingi mkwe ndiye aliyesimama hapo.

Pingamizi moja limetolewa: fupanyonga ni jina la umoja, na kitu chenyewe ni mifupa kadhaa. Pingamizi hilo halina nguvu. Fuvu nalo ni mifupa mingi iliyoshikamana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Tunalikubali, basi, fupanyonga kuwa jina la umbo zima. Kila upande uitwe mfupa wa nyonga, na umbo linapotajwa kwa ajili ya uimara wake liitwe pete ya fupanyonga. Mahali pa kufunga khanga paitwe penye nundu za paja.

“MVUNJIKO USIO IMARA”

Fomu ya ridhaa inagawa mivunjiko katika “mivunjiko imara” na “mivunjiko isiyo imara”. Mgawo wenyewe ni wa kweli na ni wa maana. Daktari Marvin Tile wa Kanada aliipanga mivunjiko hii katika makundi matatu: ile ambayo pete haikulegea, ile ambayo pete hufunguka au kujifunga kwa kuzunguka lakini haipandi, na ile ambayo hufanya yote mawili. Matibabu hufuata mgawo huo. Wa kwanza mara nyingi hutosheka na mapumziko na dawa ya maumivu. Wa tatu huhitaji kushikizwa kwa chuma.

Lakini hebu tuisikilize lugha. Katika Kiswahili kivumishi hukisifu kile kilichotajwa. Nyumba imara ni nyumba iliyo thabiti. Adui imara ni adui asiyeshindika kwa urahisi. Mvunjiko imara, kwa sikio la Mswahili, ni mvunjiko hasa, mvunjiko wa kweli kweli! Na “mvunjiko usio imara” ni ule hafifu, ambao hauhitaji mashaka. Fomu imesema kinyume cha ilichokusudia. Niliwasomea watu watano sentensi hiyo, wasomi na wasio wasomi. Watatu walisema mgonjwa wa “usio imara” ndiye mwenye nafuu. Watano si utafiti, ila wanatosha kumwamsha mtu usingizini.

Mafundi wa gereji wana neno zuri kwa jambo hili. Nati isiyokaza husemwa “inacheza”; jino lililolegea pia linacheza. Muuguzi wa Kansay alilitumia bila kusita: “Huyu mifupa yake inacheza, msimsimamishe.” Kila mtu alielewa. Kama msanifu wa istilahi, hata hivyo, nina wajibu wa kuuliza kama neno linazaa. Kutoka cheza tunapata mchezo na uchezaji, na hayo hayawezi kuingia katika kitabu cha tiba bila kuleta kicheko. Tulia linazaa vizuri zaidi: utulivu, tulivu, kutotulia. Tunapendekeza mvunjiko uliotulia na mvunjiko usiotulia viwe istilahi rasmi, na “mifupa inacheza” ibaki kuwa maelezo ya kitandani. Si kila neno zuri lazima livalishwe joho la istilahi. Mengine yana kazi zaidi yakiachwa huru.

“UPASUAJI MDOGO”

Sasa tunafika kwenye namna mpya ya matengenezo. Zamani, na hata sasa mahali pengi, daktari aliyetaka kuishikiza pete kwa nyuma alilazimika kupasua ngozi na misuli kwa urefu, akaufikia mfupa kwa macho. Damu nyingi ilipotea, na vidonda vya nyuma vilikuwa vyepesi kuoza. Mwaka 1989 Joel Matta na mwenzake Saucedo wa Marekani walieleza matumizi ya skrubu zinazopita kutoka mfupa wa nyonga hadi katika sakramu; na katika miaka ya 1990 Chip Routt na wenzake katika mji wa Seattle walieneza njia ya kuzipitisha katika tundu dogo la ngozi, mgonjwa akiwa amelala chali. Kwanza huingizwa waya mwembamba. Ukishakuwa mahali pake, skrubu yenye uwazi katikati, unene wake kama milimita 7, hupitishwa juu ya waya huo kama ushanga juu ya uzi. Mshono unaobaki ni mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba.

Fomu imeiita njia hii mahali pamoja “upasuaji wa uvamizi mdogo” na mahali pengine “upasuaji mdogo”. Jina la kwanza ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Kwetu uvamizi ni wa majeshi na wa majambazi. Daktari havamii, huitwa. Jina la pili ni baya zaidi kwa kuwa ni Kiswahili safi, na kwa hiyo linaaminika. Upasuaji mdogo ni kupasua jipu. Mgonjwa akiambiwa “upasuaji mdogo” hutia saini kwa moyo mwepesi. Kumbe kilicho kidogo ni jeraha la ngozi tu. Mbele kidogo ya njia ya skrubu hupita mshipa wa fahamu unaosaidia kunyanyua unyayo. Skrubu ikikosea kwa upana wa punje ya mahindi, mtu anaweza kuamka akiburuta mguu. Ridhaa iliyotolewa kwa kudanganywa na kivumishi si ridhaa.

Kiswahili kimekwisha kujitafutia jina. Katika hospitali zetu watu husema upasuaji wa matundu madogo, wakiitofautisha na ule wa kufungua. Hapo kivumishi “madogo” kinasifu matundu, si upasuaji. Ni jambo la sarufi tu, lakini ndilo linalotenganisha ukweli na uongo. Tunalipendekeza, kwa tahadhari moja: jina hilo limezoeleka zaidi kwa upasuaji wa tumbo unaotumia kamera iliyotiwa ndani ya mwili. Katika mifupa hakuna kamera ndani. Kinachoona ni eksirei kutoka nje. Kwa hiyo istilahi kamili ni lazima ikitaje kinachoona.

“UNAOONGOZWA NA PICHA”

Fomu inasema upasuaji “unaongozwa na picha”. Mzee wetu wa Kansay, niliposoma sentensi hiyo mbele yake, aliuliza: “Mwanangu, na daktari yeye anafanya nini?” Swali halikuwa la mzaha. Katika Kiswahili na ya mtenda humpa kitu hadhi ya mtenda. Msafara ulioongozwa na chifu, chifu ndiye kiongozi. Upasuaji ulioongozwa na picha, picha ndiyo mkuu wa kazi. Sahihi ni kwa, ya chombo: upasuaji kwa mwongozo wa picha. Daktari anabaki mtenda na picha inabaki taa mkononi mwake.

Halafu, picha gani? Kwa mwananchi “kupiga picha” hospitali ni kupata karatasi ya eksirei ya kubeba katika bahasha. Tangu Röntgen alipogundua miali hiyo mwaka 1895, picha ya namna hiyo imekuwa ya kitu kilichokwisha kutokea. Hapa picha huonekana katika kioo wakati ule ule waya unapoingia, tena kutoka pande tatu: moja inayotazama pete kwa juu kana kwamba unachungulia ndani ya chungu, moja inayoitazama kutoka mbele chini, na moja ya ubavuni. Daktari hasogezi waya mpaka pande zote zimepatana. Mashine ya kazi hiyo ina mkono wa nusu duara unaomzunguka mgonjwa. Tunapendekeza iitwe tao la eksirei, kwa kuwa tao ndilo jina la umbo hilo katika ujenzi. Na njia nzima iitwe upasuaji wa matundu kwa mwongozo wa eksirei. Ni jina refu, lakini kila neno lake linabeba mzigo wake.

Mashine hiyo si ya kila hospitali, na hili lisifichwe na istilahi. Kwa mifupa mirefu kama wa paja, shirika la SIGN lililoanzishwa na Daktari Lewis Zirkle wa Marekani mwaka 1999 lilibuni chuma cha ndani ambacho huweza kuwekwa bila tao la eksirei, na madaktari wa Tanzania wamekitumia. Kwa pete ya fupanyonga werevu wa namna hiyo hautoshi; asiyeona hafai kupitisha skrubu karibu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mgonjwa wa Kansay huanza safari: pengine Karatu mjini, pengine Haydom ambako hospitali ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955, kisha pengine KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Katika kila kituo hupokewa na mtu mpya, na kinachomtangulia ni karatasi. Karatasi ikisema “nyonga”, mpokeaji wa pili hajui ni ajali ipi kati ya mbili. Istilahi hapa ni sehemu ya usafiri wa mgonjwa kama lilivyo gari.

KUKARABATI, KUUNGA, KUGANGA

Kuhusu kitendo chenyewe, fomu inasema mifupa “itakarabatiwa”. Ukarabati ni wa madaraja na majengo. Hatuna haja ya kuazima kwa makandarasi wakati lugha ina maneno yake ya kale. Mfupa huungwa. Aliyevunjika huambiwa “utaunga”, na mtaalamu wa jadi ni muunga mifupa. Lakini ni vema tutenganishe vitendo vitatu ambavyo fomu imevichanganya. Kwanza mifupa inarudishwa mahali pake: huo uitwe urejeshaji. Pili inazuiwa isitoke tena: huo uitwe ushikizaji. Tatu inaota na kushikamana yenyewe kwa majuma na miezi: huko ndiko kuunga, na mtenda wake ni mwili. Daktari hushikiza, mfupa huunga. Mgonjwa anayeelewa tofauti hiyo hatasimama siku ya tatu kwa kudhani kwamba skrubu imemaliza kazi.

Lipo neno jingine ambalo linaumiza kuliona likipotea. Kuganga, kabla ya kubanwa na maana ya dawa na ramli, kulikuwa ni kufunga na kutengeneza kilichovunjika au kupasuka. Na gango ni kile kifaa cha kushikizia, kikiwemo kijiti cha kufungia mfupa. Wapo watakaosema kwamba ganga sasa linanuka ubani. Inawezekana kwa kitenzi, lakini jina gango bado ni safi. Tunapendekeza gango la nje kwa vyuma vinavyoshikizwa mifupani na kuunganishwa juu ya ngozi, na gango la ndani kwa skrubu na vyuma vinavyobaki mwilini. Na skrubu ibaki skrubu: parafujo ni neno sahihi, ila fundi na muuguzi wamekwisha kuchagua.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunaiomba Kamati ya Istilahi iyajadili haya:

Fupanyonga: umbo zima la mifupa linalobeba kiwiliwili juu ya miguu.
Pete ya fupanyonga: umbo hilo likitazamwa kama duara lililoshikamana.
Mfupa wa nyonga: kila upande wa pete, wa kulia au wa kushoto.
Nyonga: kiungio cha paja na eneo lake, lisitumike kwa pete.
Hodhi la fupanyonga: uwazi ulio ndani ya pete.
Nundu ya paja: kivimbe cha mfupa wa paja ubavuni, mahali pa kufunga khanga.
Mvunjiko uliotulia, mvunjiko usiotulia: badala ya “imara” na “usio imara”.
Upasuaji wa matundu kwa mwongozo wa eksirei: badala ya “uvamizi mdogo” na “upasuaji mdogo”.
Tao la eksirei: mashine ya eksirei yenye mkono wa nusu duara.
Urejeshaji, ushikizaji, kuunga: hatua tatu za matibabu.
Gango la nje, gango la ndani: vifaa vya kushikizia.

TAMATI

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi umekuwa ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ngeli kutoka Kihaya. Utaratibu huo ni mzuri, ila unamwelekeza msanifu atazame chanzo cha neno tu. Kansay ilinifunza kutazama na kikomo chake: neno litaishia mikononi mwa nani, na mikono hiyo itafanya nini baada ya kulisoma. Wale vijana hawakukosea. Walilitii neno kwa uaminifu kuliko nilivyostahili.

Watu wa Karatu hawahitaji kukumbushwa maana ya ajali. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililokuwa limebeba wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, katika wilaya hii hii. Watu 35 walikufa, 32 kati yao wanafunzi, na watoto watatu tu wakasalimika. Siku hiyo, kama siku nyingine za namna hiyo, waliofika kwanza walikuwa wanakijiji na wapita njia. Hatuwezi kuwapa tao la eksirei. Tunaweza kuwapa jina la mahali pa kufunga khanga.

Karatasi ile nimeiandika upya. Mstari uliokuwa na kosa sasa unasomeka: “Mtu akidhaniwa amevunjika fupanyonga, mfunge khanga kwa kukaza penye nundu za paja, pale unapogusa mfupa ukitia mkono mfukoni, usifunge kiunoni.” Nimeituma kwa muuguzi wa Kansay nikimwomba amsomee mzee kabla ya kuigawa. Jibu lake lilikuwa fupi. Mzee alisikiliza, akasimama, akatia mikono katika mifuko ya koti lake, akatikisa kichwa kukubali.

Wasomaji wenye mawazo tofauti, hasa waganga, wauguzi na walimu wa biolojia, wanaombwa kutuandikia.